Shamba Lililonyolewa

Ng'ombe wa Nkwabi walifika Michenga asubuhi wakakuta shamba limenyolewa. Si kuvunwa, kuvunwa lilivunwa mwezi uliopita, na Agnella mwenyewe alishika mundu mpaka kiganja kikatoka malengelenge. Limenyolewa. Mabua yote yamekatwa chini kabisa, usawa wa udongo, yamekusanywa, yamebebwa. Kulikuwa na alama za tairi la lori kutoka kwenye njia hadi katikati ya jaruba, na vipande vya kamba ya katani hapa na pale. Basi.

Agnella alikuja mbio akitokea kijijini, kanga kiunoni, dumu la maziwa mkononi. Alikuwa Kisawasawa kwa binti yake Rosemery aliyejifungua, amerudi jana jioni, na shambani hakuwa amefika. Aliposikia kengele za ng'ombe alicheka peke yake, akachukua dumu, maana siku Nkwabi anapofika, maziwa ya kwanza ni ya mwenye shamba. Ndivyo walivyozoeana tangu Rosemery akiwa darasa la kwanza.

Alipotokeza kwenye matete akaona ng'ombe wamesimama. Hawali. Ng'ombe kundi zima wamesimama juu ya udongo mtupu wakinusa, na mmoja mwekundu analamba kamba ya katani.

"Shikamoo, mzee Nkwabi," Agnella alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa udogo.

"Marahaba, mama Rosemery. Mtoto anaendeleaje?"

"Anaendelea. Ni wa kiume."

"Vizuri." Nkwabi alikuwa Msukuma mrefu mwenye koti zito hata kwenye jua, na hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alinyoosha fimbo yake kuonyesha kona ya shamba, ulikochimbiwa mti mrefu wa mkongole, na juu yake umefungwa mganda wa mabua ya mpunga. "Ule mti ni wako?"

"Ni wangu. Niliufunga mwenyewe siku tuliyomaliza kupiga mpunga, kabla sijaenda Kisawasawa."

"Nimeuona tangu tunavuka mto. Nikawaambia vijana, mama amefungua shamba, tusipoteze muda njiani, twende moja kwa moja. Huko tulikotoka hakuna kitu, mama. Kila mahali wamepima, wameweka vibao. Hawa jana wamelamba vumbi tu." Akaishusha fimbo. "Mti unasema njoo. Shamba linasema nini?"

Michenga yote inajua mti wenye mganda maana yake nini. Mwenye shamba akishavuna na kutoa mpunga wake, anasimamisha mti. Mfugaji akiuona anajua amekaribishwa. Ng'ombe wanakula mabua mchana, usiku wanalazwa ndani ya boma la miiba humohumo shambani, na kila baada ya siku chache boma linasogezwa, kona hii, kona ile, mpaka shamba zima limelaliwa. Mavi na mkojo vinabaki. Masika maji ya mto yanapanda, yanakoroga vyote pamoja na tope jipya, yanashuka, na mpunga unatoka wa kijani kile kizito kinachokaribia weusi. Halafu unavunwa, halafu mti unasimamishwa. Hakuna aliyekaa ofisini akaupanga mpango huo. Ulijipanga wenyewe, ng'ombe wakiulisha mpunga na mpunga ukiwalisha ng'ombe, na binadamu katikati akila kwa wote wawili.

Ila mti haushushwi mpaka ng'ombe waondoke. Na mtu aliyeyaondoa mabua, mti hakuushusha.

Walikuwa bado wanatazamana hivyo wakati yule mwekundu alipoinua kichwa. Upepo ulitoka upande wa Fridolin, jirani, ambaye kila kiangazi hulima kunde na nyanya kwenye unyevu uliobaki kando ya dimbwi, na uzio wake ni matete tu yaliyochomekwa. Ng'ombe mwekundu akaenda. Wengine wakamfuata. Vijana wa Nkwabi walikimbia kuzunguka mbele, wakipiga miluzi, wakipiga fimbo, lakini mnyama aliyeshinda na vumbi tumboni hasikii mluzi. Uzio ulilala chini kama mkeka. Hadi wanaondolewa, kunde zilikuwa zimebaki vijiti, na nyanya zimegeuka mchuzi chini ya kwato.

Nkwabi hakukimbia. Alisimama kando ya Agnella na fimbo yake ikigusa ardhi.

"Sasa wataniua," alisema polepole, kama mtu anayesema mvua itanyesha.

*

Silvano alikuwa amekaa barazani kwake anakula mihogo. Alipomwona mkewe anakuja na dumu tupu alijua. Akajifanya hajui.

"Baba Rosemery, mabua yako wapi?"

"Mabua gani?"

"Usinifanye mtoto. Mabua."

Silvano akanawa mikono taratibu. Alikuwa na tabia hiyo. Akibanwa, ananawa mikono. "Nimeyauza. Amekuja bwana mmoja na lori, wanapeleka mjini kwa ng'ombe wa maziwa, wale wa kukaa bandani. Wanafunga marobota na mashine, safi kabisa. Majani yale, mama Rosemery, majani ambayo tulikuwa tunawaachia watu bure."

"Bure?"

"Sasa siyo bure? Wewe ulikuwa unalipwa nini? Dumu la maziwa."

Agnella alipita ndani, na chumbani kwao, uvunguni mwa kitanda, alikuta mfuko mpya umefunikwa shuka. Akalivuta shuka. Mbolea. Mfuko mweupe wenye picha ya mahindi, mahindi yenyewe manono hata hayafanani na ya duniani. Akakaa kitandani.

"Umeuza mbolea ukanunua mbolea," alisema kwa sauti, ukuta ukisikia.

Silvano alikuja akasimama mlangoni. "Ile ni ya kitaalamu. Inapimwa kwa kifuniko cha soda. Bwana shamba amesema. Wewe hujasikia wanavyotuita? Kilabuni, nikiingia tu, wanasema karibu bwana mavi. Shamba la mavi, mwenye shamba mavi, mpunga unanuka. Kila mwaka. Wenzangu wanaongea kilimo cha kisasa, mimi naongea habari ya ng'ombe wa Msukuma wamelala wapi."

"Na mpunga wanaokuja kununua mbegu kila mwaka ni wa nani? Wa hao wa kisasa au wa bwana mavi?"

"Sikatai."

"Hukatai. Haya, mti je? Umeuza mabua, mti umeuacha umesimama. Mzee Nkwabi ameuona akiwa mtoni, akapitisha ng'ombe na njaa kwa sababu mti wa nyumba hii umemwambia chakula kipo. Wameingia kwa Fridolin. Wamemaliza."

Hapo ndipo Silvano alipokaa chini. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyekumbuka ameacha moto jikoni. "Mti nilisahau," alisema. Na huenda ni kweli. Alikuwa amekodolea macho marobota. Lakini pia kuushusha kungetaka kuung'oa mbele ya watu, mchana, mtu akamwuliza mbona unaushusha na ng'ombe hawajaja, na yeye angejibu nini. Hilo hakulisema.

"Twende ofisini ukaseme," Agnella alisema.

"Tusubiri kwanza hasira za watu zipoe."

"Za watu zitapoa. Za kwangu sijui."

*

Ng'ombe walifungiwa kwenye zizi la kijiji, ambalo si zizi bali uwanja wa nyuma ya ofisi uliozungushiwa miti na seng'enge. Hakuna mti wa kivuli humo, hakuna birika. Mgambo mmoja alikuwa amekaa mlangoni juu ya kreti la soda. Kufikia kesho yake saa za adhuhuri, milio ya wale ng'ombe ilikuwa inasikika hadi kwa Rabia, mama wa vitumbua, ambaye kibanda chake kinatazamana na ofisi.

"Wanalia kama watu," Rabia alimwambia Agnella aliyekuwa anapita na ndoo ya maji kichwani. "Tangu alfajiri. Mimi wateja wamenikimbia, nani atakula kitumbua na kilio masikioni? Na wewe unakwenda wapi na ndoo moja, mwenzangu? Wale wanataka mto."

"Nitaanza na moja."

Mgambo aliinuka kumzuia, si kwa ubaya, kwa uvivu. "Mama, hairuhusiwi."

"Kunywa maji?"

"Subiri Mtendaji."

Mtendaji wa kijiji, Anold, alitoka ofisini na kalamu nyuma ya sikio. Alikuwa kijana bado, shati limepigwa pasi, mwenye adabu zote za salamu. "Shikamoo mama Rosemery. Hongera kwa mjukuu, nimesikia. Sasa mama, hawa ni vidhibiti. Shauri halijasikilizwa. Tukianza kuwahudumia vidhibiti, kesho mlalamikaji atasema ofisi imeegemea upande."

"Vidhibiti vina kiu, mwanangu."

"Mwenye mali atawahudumia akishakamilisha taratibu."

"Mwenye mali yuko ndani humo ofisini kwako, umemkalisha kwenye benchi tangu jana. Atawahudumia akiwa kwenye benchi?"

Anold alitabasamu, tabasamu lile la mtu anayemwonea huruma asiyesoma. "Ndiyo maana nasema taratibu."

Agnella aliishusha ndoo. Ng'ombe walipoyanusa maji walisogea wote mara moja, seng'enge ikalia, mgambo akaruka nyuma. Akaisukuma ndoo chini ya waya. Yule mwekundu alizamisha pua mpaka macho, akamaliza kwa mkupuo, akalamba plastiki mpaka ikaanguka. Wengine hawakupata hata tone. Wakabaki wanamtazama Agnella, na yeye hakuweza kuvumilia kutazamwa vile. Aliondoka akiwa ameacha ndoo palepale.

Jioni ile ndama mmoja alilala akakataa kuamka. Asubuhi walimburuta nje kwa kamba.

*

Shauri lilisikilizwa siku hiyohiyo, nje ya ofisi, watu wamekaa chini. Fridolin alisema yake, na alikuwa na haki ya kuisema. Alionyesha nyanya zilizopondwa ndani ya beseni, na sauti ikamkatika katikati, kwa sababu zile nyanya zilikuwa sare ya shule ya watoto wake na dawa ya mama yake. Watu wakaguna. Nkwabi alipoulizwa alisema ng'ombe ni wake, kunde wamekula, na hakuja kuiba bali alikaribishwa.

"Ulikaribishwa na nani?" Anold akauliza.

"Na mti wa mama Rosemery."

Watu wakacheka. Si wote, lakini wa kutosha. Na ukitazama waliocheka, nusu yao wameshawahi kusimamisha mti wao wenyewe. Fridolin mwenyewe aliusimamisha miaka yote kabla hajaanza bustani. Sasa wakacheka kama vile wamesikia habari ya mazimwi.

"Mzee Silvano," Anold alisema. "Shamba ni lako. Ulimruhusu huyu bwana kuleta mifugo?"

Silvano alisimama. Alitazama mikono yake kana kwamba anatafuta maji ya kunawia. "Mimi sikumruhusu mtu," alisema, na akakaa.

Kila neno lake lilikuwa kweli. Agnella alilisikia likiingia masikioni mwa watu, likikaa vizuri, likifunga mlango. Akainuka akaondoka. Watu walidhani ameona haya kwa ajili ya mumewe. Rabia akasema, "Mwacheni akapumzike, ametoka kwenye uzazi wa mwanawe."

Alirudi jua limeinama, jasho linamtiririka, na mti begani. Ule mrefu wa mkongole, na mganda wa mabua bado umefungwa juu, umenyauka kidogo. Ameung'oa kwa mikono yake, ameubeba njia yote kutoka shambani, na watu walilazimika kuinamisha vichwa kumpisha usiwapige. Akaulaza juu ya meza ya Anold, juu ya makaratasi yake.

"Mtendaji, huyu hapa ndiye aliyemkaribisha. Niliufunga mimi. Mume wangu akayauza mabua, mti akauacha. Kosa ni la nyumba yangu. Fridolin tutamlipa sisi. Wafungulie ng'ombe wa watu wakanywe maji."

Hapakuwa na aliyecheka tena. Silvano alikuwa anatazama ardhi.

Anold aliugusa ule mti kwa ncha ya kidole. "Mama, nakuheshimu sana. Lakini huu ni mti. Mimi nahitaji kibali cha maandishi, chenye muhuri. Nikiandika kwenye taarifa kwamba mifugo iliingia kijijini kwa kibali cha mti, huko wilayani watanionaje?"

"Hawa wote wanajua maana yake. Waulize."

Anold akawageukia. "Kuna mtu anautambua huu mti kama kibali?"

Agnella aliwatazama mmoja mmoja. Walikuwepo watu aliokula nao, aliowazikia, aliowagawia mbegu kutoka shamba la mavi. Fridolin akafungua kinywa, akatazama nyanya zake kwenye beseni, akafunga. Mzee mmoja akakohoa. Kwenye kibanda cha Rabia mafuta yalikuwa yanachemka, na kwa muda huo ndiyo sauti pekee iliyosikika, mafuta pamoja na ng'ombe.

"Haya," Anold alisema, na akaandika.

Nkwabi alilipa. Fedha hakuwa nazo, kwa hiyo alitoa fahali, tena si fahali yeyote: ni yule wa kukokota plau, ambaye kila mwaka kabla ya masika alilima kwanza kwa Agnella ndipo aende kwa wengine. Mnunuzi alikuwa tayari pale na pikipiki, kama inzi anavyokuwa tayari. Fedha zilizobaki baada ya kijiji kuchukua chake alipewa Fridolin, naye alizipokea bila kuinua macho.

*

Waliwafungua ng'ombe asubuhi. Mgambo aliwaswaga kutoka uwanjani kwa kuwachapa, na alichoshika mkononi ni ule mti, mganda umeshang'olewa umetupwa. Akawachapa nao mgongoni, tap, tap, akicheka na mwenzake.

Agnella alivuka barabara. Aliushika mti upande wake, mgambo akaushika upande wake, wakavutana kama watoto, na mgambo alipoona macho ya yule mama aliuachia mwenyewe. Mabua yaliyotupwa aliyaacha. Tayari ndama mwingine alikuwa ameyaokota njiani anayatafuna.

Nkwabi alikuwa nyuma ya kundi. "Mama Rosemery," alisema. "Sisi tunapandisha huko Malinyi, tukishindwa tutavuka hata Lindi. Usiniwekee mti tena. Sitakuwepo wa kuuona."

"Nisamehe, mzee wangu."

"Wewe sina deni nawe. Shamba lako lilikuwa zuri. Hata ng'ombe walilijua. Tukikaribia walikuwa wanaongeza mwendo wenyewe." Akaondoka na vumbi lake.

Kwenye uwanja wa ofisi yalibaki mavi. Siku tatu za kundi zima, yametapakaa uzio kwa uzio, mengine makavu juu na mabichi ndani, mkojo umekauka kwa mistari myeupe. Anold alikuwa amemwambia mgambo ayafagie, ayarundike, ayachome moto kabla wageni wa wilaya hawajaja. Agnella aliposikia hivyo alikwenda nyumbani, akarudi na koleo na lile beseni lake kubwa la kuoshea vyombo, akaanza kuzoa.

"Mama," Anold alimwita kutoka dirishani, "hiyo ni mali ya kijiji."

"Ilikuwa kidhibiti. Leo imekuwa mali."

"Nasema tu, utaratibu—"

"Njoo uninyang'anye." Alisema bila kupandisha sauti, koleo mkononi, miguu ndani ya mavi hadi vifundo. "Toka na hilo shati lako, uje hapa katikati, uninyang'anye."

Dirisha likafungwa. Rabia akacheka mpaka akaunguza vitumbua.

Alijaza beseni, akalitwika, akapita nalo katikati ya kijiji. Maji ya mavi yalimshukia shavuni. Vijana kwenye banda la pikipiki waliziba pua, na mmoja akasema, "Mama mavi huyo anapita." Alisimama akamgeukia. "Wali uliokula jana kwa mama yako," alimwambia, "mbegu yake nilimpa mimi." Akaendelea. Alikwenda, akamwaga, akarudi. Akaenda tena, akarudi tena, shingo inamwuma, na kila alipopita, nyuso barazani zilikuwa zinageukia ndani.

Jua lilipofika utosini akamkuta Silvano uwanjani. Alikuwa ameshika mfuko ule mweupe wenye picha ya mahindi, mtupu.

"Mbolea nimempelekea Fridolin," alisema. "Yote. Nimemwambia pia habari ya mti. Mbele ya mke wake."

Agnella alimtazama. Jana mbele ya kijiji kizima hakusema. Leo amesema mbele ya mtu na mkewe. "Shika koleo," alimwambia.

Walizoa mpaka udongo wa uwanja ukaonekana. Silvano alibeba mfuko mgongoni, na alipopita kilabuni walimwita kama walivyozoea, bwana mavi karibu, na safari hii hakuharakisha mwendo. Shambani walimwaga, wakatandaza kwa majembe. Samadi ilipoisha, ilikuwa imefunika kona moja tu, ile iliyo karibu na dimbwi. Kwingine kote udongo ulikuwa mtupu na mweupe, alama za tairi bado zimekauka ndani yake.

Agnella alichukua mti wake, akauchimbia pale samadi ilipoishia, akaushindilia kwa kisigino.

Silvano alisimama akitazama kona, halafu akatazama uwanda mtupu uliobaki hadi kwenye matete. "Imetosha hapa tu," alisema.

"Ndiyo."

"Na huku kwingine kote, mama Rosemery?"

Agnella alikuwa tayari ameshatwika beseni lake tupu, ameanza kwenda.

"Huku kwingine uliuza," alisema.